Mtoto wa Nguchiro Asiyejua Kucheza

Paukwa!

Pakawa!

Sogeeni basi, anayekohoa amalize kukohoa.

Hapo kale, kale sana, Mama Nguchiro aliishi ndani ya kichuguu, chini ya mlima wa mawe. Alikuwa na watoto watatu. Siku moja walikuwa wakikimbizana nje, Tai akashuka, vuu! Akachukua wawili. Akabaki mmoja, jina lake Sikitu.

Mama akalia hata sauti ikamkauka. Kisha akasema, "Mwanangu, mchezo ndio uliowaua wenzako. Hutacheza tena."

Watoto wa Pimbi wakaja mlangoni. "Sikitu, Sikitu, njoo tucheze!"

"Bado anakula," akajibu mama.

Wakaja tena. "Sikitu, Sikitu, njoo tucheze!"

Mama akawatolea meno, wakakimbia.

Mama Pimbi akaja mwenyewe. "Shoga yangu, hata wangu mmoja alichukuliwa na Tai. Mimi hukaa juu ya jiwe nikimwangalia Tai asije, na hawa waliobaki wanacheza."

"Basi wewe huna uchungu wa mwana!"

Mama Pimbi akarudi kwenye jiwe lake.

Mara ya tatu watoto wakaja. "Sikitu, Sikitu, njoo tucheze!"

Safari hii akajibu Sikitu mwenyewe, taratibu kama mzee. "Nendeni zenu. Kucheza kunaua."

Hawakurudi tena. Mama akafurahi.

Masika yakaja, yakapita. Tai akazeeka, akafa. Mama Nguchiro akaingia mbio. "Sikitu! Tai amekufa! Toka, mwanangu, ukacheze!"

Sikitu akatoka. "Nicheze nini, mama?"

"Chochote! Kimbia!"

Akakimbia hadi kwenye mti, akarudi. "Nimekimbia. Sasa?"

Mama akajificha nyuma ya kichuguu. "Nitafute!" Akangoja, akangoja. Alipochungulia, Sikitu amekaa palepale.

"Nimekuona ulikoenda, mama."

Mama akachuma tunguja bivu, akalibingirisha mbele yake. Sikitu akalifuata polepole, akaliokota, akaliweka miguuni pa mama.

"Mama, umeangusha tunda lako."

Mama akamtazama. Mzima, mnono, hana hata mkwaruzo. Akaingia ndani, akalia kuliko alivyowalilia wale wawili. Wale walichukuliwa na Tai. Huyu je, nani alimchukua?

Jamani, mlindeni mtoto, lakini msimnyime mchezo. Mchezo ukishakufa ndani yake, hata mama mzazi hawezi kuuamrisha urudi.

Ngano imekwisha, aliyeisikia aende nayo kwao.