Bi Lubaba na Asali ya Kupikwa

Wametusimulia waliotutangulia katika elimu, Mwenyezi Mungu awarehemu, kwamba katika mji mmoja wa bondeni huko Hadhramaut aliishi mama mcha Mungu aitwaye Bi Lubaba. Alikuwa mjane na mfuga nyuki. Saumu zake zilikuwa nyingi na maneno yake machache, ila hayo machache yalikuwa makali, na wengi walipita mbali naye.

Mjini humo palikuwa na mchimba visima, jina lake Sulaim. Siku moja sururu ilimteleza ikampasua mguu chini ya goti. Jeraha likatunga usaha, mguu ukavimba mpaka ngozi ikang'aa. Tabibu wa mji, Kutaiba, alilichoma kwa chuma cha moto mara mbili bila mafanikio, kisha akatoa hukumu yake: mguu ukatwe, la sivyo mtu atakufa. Sulaim alikuwa na watoto watano, na mchimba visima wa mguu mmoja hashuki kisimani. Akamtuma mkewe kwa Bi Lubaba, aliyejua kutibu majeraha kwa asali.

Bi Lubaba alikuja mchana kweupe, akainama, akalinusa jeraha. "Mguu huu bado una uhai," alisema. "Nipeni siku saba, kwa idhini ya Mola."

Tabibu Kutaiba alicheka mbele za watu. "Mama, asali ni ya kulia mkate. Rudi kwa nyuki wako."

"Nitarudi nikimaliza," alijibu Bi Lubaba. "Na wewe kauweke msumeno wako mahali pakavu, utakaa sana."

Sasa hapa, ndugu yangu msomaji, ndipo Iblisi alipopata upenyo. Marehemu mama yake Bi Lubaba alimfunza tangu utotoni kwamba asali ya jeraha haiwekwi motoni. Hukamuliwa mbichi, ikachujwa kwa kitambaa, basi. Lakini asali mbichi haina sura. Ina ukungu, ina nta, na mara utaona bawa la nyuki linaelea. Na watu wa mji ule walikuwa na ada yao: asali ya mgeni hupikwa juu ya makaa na kuenguliwa povu mpaka iwe angavu, mtu aone kitako cha bakuli. Kumwandalia mgeni asali yenye ukungu ilikuwa aibu ya nyumba nzima. Siku ile ua wa Sulaim ulijaa watazamaji, na tabibu amesimama mbele yao amekunja mikono kifuani. Bi Lubaba aliitazama mitungi yake miwili, mmoja wa asali mbichi na mmoja wa iliyopikwa, akaona haya, akafungua ule wa wageni. Alijiambia kwamba anamkirimu mgonjwa. Haikuwa kweli, aliwakirimu watazamaji.

Aliosha jeraha kwa maji ya chumvi, akalijaza asali, akalifunga kwa kitambaa safi. Akafanya hivyo siku ya kwanza na ya pili. Siku ya tatu alipofungua, harufu ilimpiga usoni. Usaha ulikuwa umezidi, na wekundu umepanda hadi gotini.

Habari zilimfikia tabibu, naye akaja na msumeno wake, nusu ya mji ikimfuata. Jirani mmoja aliyempenda Bi Lubaba akamnong'oneza, "Sema ni kadari, Mama. Sema Mola hakuandika. Nani atakulaumu?"

Yalikuwa maneno mepesi kuyatamka. Yangemhifadhia heshima yake ya miaka arubaini, na Sulaim angekatwa mguu huku kila mtu akiitikia amina. Bi Lubaba aliutazama mguu wa Sulaim. Kisha hasira ikampanda, hasira ya kuichukia nafsi yake, akasimama katikati ya ua.

"Enyi watu, msimsingizie Mola wangu," alisema. "Asali niliyoitia hapa imepikwa. Nilijua haifai kwa jeraha, na bado nikaitia, kwa sababu niliionea haya ile mbichi mbele ya macho yenu. Mguu huu umeoza zaidi kwa kibri changu. Kosa si la asali, wala si la kadari. Ni langu mimi, Lubaba."

"Mmemsikia kwa kinywa chake," alisema tabibu. "Mshikeni mgonjwa."

"Hatashikwa." Bi Lubaba alikwenda akasimama mbele ya kitanda. "Katika siku zangu saba zimebaki nne, nami nazitaka zote."

"Umekiri kumwozesha mtu mguu, na bado unadai siku?"

"Nimekiri, naam. Wewe Kutaiba umekata miguu mingapi katika mji huu? Na kwa mingapi ulisimama mbele ya watu ukasema, hapa nilikosea?"

Tabibu alishika msumeno wake, akasogea kitandani.

Ndipo Sulaim, ambaye homa ilikuwa imemkausha midomo, alipojiinua kwa viwiko. Katika mabishano yale wote walikuwa wamemsahau. "Mguu ni wangu," alisema. "Mama huyu amenidhuru, na ameniambia. Ninayemwogopa ni yule atakayenidhuru anifiche. Tabibu, nenda nyumbani. Mama, lete hiyo asali yako mbaya."

Ikaletwa na ukungu wake na nta yake. Bi Lubaba aliosha, akapaka, akafunga, asubuhi na jioni, kila mara kwa kitambaa kipya, na rakaa zake aliziswali pale pale uani. Siku ya saba ilipotimia, harufu ilikuwa imekwisha na wekundu umeshuka. Baada ya miezi miwili Sulaim alishuka kisimani, akichechemea kidogo.

Watu walipokuja kumbusu mkono wakisema ni karama, aliuvuta mkono wake. "Karama gani? Hii ni asali ambayo kila mmoja wenu anayo, na anaificha wageni wasiione."

Ndugu zangu, kuridhia kadari ni ibada, lakini kujificha nyuma yake ni kumsingizia Mola kazi ya mikono yetu. Likikutoka kosa, lisimamie hadharani kwa jina lako. Kisha, kama alivyofanya mama yule, usikubali kabisa kunyang'anywa nafasi ya kulitengeneza.