Fyuzi ya Pikipiki ya Semboja

Fyuzi haikatiki bure. Ndivyo shangazi yenu alivyomwambia huyu Ngoda sasa hivi, alipokuja kulalamika kwamba mchumba wake amenuna bila sababu. Mmecheka mpaka mmeacha kumenya viazi, na wageni wa harusi wanakuja kesho. Kisha mnaniuliza mimi, eti bibi, wazee wa zamani walijua fyuzi? Hawakujua. Methali hii si ya zamani. Imezaliwa hapahapa kwetu milimani, mimi nikiwa nimeketi nakaanga maandazi, na waliohusika nawajua kwa sura na kwa sauti. Basi endeleeni kumenya, nami niwaeleze ilivyoanza. Na wewe Ngoda, viazi hivyo, si unavichonga vikabaki punje!

Palikuwa na mama mmoja akiitwa Bi Somoe, mama yake Semboja. Tumbo la mama yao lilikuwa limebakiza watoto wawili tu duniani, yeye na mdogo wake, Bi Siwema, aliyeolewa ng'ambo ya Mlalo. Sasa huyo Siwema alikuwa na sifa moja tangu utotoni: kudeka. Akichomwa na mwiba, kijiji kizima kitajua. Akipata mafua, anaaga ndugu na jamaa. Ndivyo dada yake alivyokuwa akitusimulia, na sisi tunacheka.

Mwaka ule Siwema akaanza kutuma salamu. Kwanza alimpa mama mmoja muuza mboga aliyekuja guliani: mwambie dada nataka nimwone, sijisikii vizuri. Bi Somoe akajibu, "Siwema huyo, ndiyo kawaida yake. Mwambie nikimaliza kuvuna maharage." Maharage yakavunwa, yakapigwa, yakapepetwa. Salamu ikaja tena, na safari hii Bi Somoe akasema nitakwenda mvua zikipungua. Hakuwa mwanamke mbaya, msimfikirie hivyo. Alimpenda mdogo wake sana. Alikuwa amemzoea tu.

Asubuhi moja, simu ya Semboja ikaita. Alikuwa mtoto wa Siwema. Hakusema mengi. Alisema mama anamwita mama mkubwa, aje leo, asingoje kesho.

Bi Somoe akajifunga kanga, akatia ndizi mbivu na asali kwenye kapu, akashuka mpaka hapa njia panda. Basi la alfajiri lilikuwa limekwisha kupita, na bodaboda enzi hizo zilikuwa hazijajaa kama mchwa. Chombo kilichokuwapo ni pikipiki ya Semboja mwenyewe, na pikipiki ilikuwa kwa fundi Kupaza, imefunuliwa ubavu.

Pikipiki yenyewe ilikuwa kuukuu. Semboja aliinunua kwa bwana shamba aliyekuwa anastaafu, na bwana shamba naye sijui aliitoa wapi. Kile kiboksi chake cha fyuzi kilikuwa kimeyeyuka na kupasuka. Kupaza akaleta boksi jipya, dogo, lina mfuniko wa kuona ndani, na kila kitu kina fyuzi yake: taa yake, honi yake, indiketa zake. Kazi aliifanya vizuri, nyaya amezilaza pamoja na kuzifunga tepu nyeusi, mpaka wapita njia wakasimama kusifia.

Mimi banda langu la maandazi lilikuwa mkabala na gereji yake. Bi Somoe akaja kuketi kwenye benchi langu, kapu mapajani. Nikampa chai, hakuigusa.

Kupaza akawasha taa. Taa ikamulika mara moja, ikazima. Fyuzi imekatika. Akatia nyingine. Nayo ikakatika papo hapo. Waliokuwa wamesimama pale wakaguna, kisha wakapata la kusema. "Feki hizo!" "Vitu vya siku hizi, bwana!" "Ile ya zamani imekaa miaka yote haijasumbua hata siku moja!" Na msiwacheke. Hapa kwetu kila mtu alikuwa amekwisha kuumwa na vitu feki. Balbu unainunua leo, kesho giza. Betri ya redio inalia asubuhi, jioni kimya. Kwa hiyo fyuzi ikikatika, mtu hajiulizi pikipiki ina nini. Anasema fyuzi mbovu.

Kupaza akakiokota kile kiboksi cha zamani alichokuwa amekitupa pembeni, akakibanjua kwa bisibisi. Ndani hamkuwa na fyuzi kabisa. Palikuwa na kipande cha waya wa shaba, mnene, kimekunjwa na kushindiliwa mahali pa fyuzi. Akakinyanyua, kila mtu akakiona.

"Semboja," akasema, "ndiyo maana haikusumbua. Hii pikipiki inaumwa siku nyingi, ila waliiziba mdomo kwa waya huu usiokatika. Kuna waya umechubuka mahali, unagusa chuma, unapiga shoti. Nadhani ni hapa shingoni, chini ya tangi, usukani unapogeukia. Nipe nafasi nivue tangi niufuate."

"Mpaka saa ngapi?"

"Adhuhuri haitanikuta. Nikiuona mapema, mapema zaidi."

"Kupaza, mama yangu yule pale benchini. Mama mdogo anaumwa."

"Namwona. Basi nenda bila taa. Nitaacha pale pa taa patupu, injini haina neno."

Semboja akatazama juu mlimani. Ukungu ulikuwa umeshuka mpaka kwenye migomba, huoni nyumba ya jirani. Na barabara ya kule mnaijua, kona juu ya kona, na malori ya kabichi yanashuka kama yanafukuzwa.

"Nimpakie mama yangu kwenye ukungu huu bila taa? Akili yangu haijaharibika."

Hapo ndipo alipoinama. Chini palikuwa na paketi tupu ya sigara. Akaichana, akatoa ile karatasi ya ndani inayong'aa, akaivingirisha kwenye miguu ya fyuzi iliyokatika, akaichomeka kwenye boksi jipya. Akawasha. Taa ikawaka, nyeupe, ikatoboa ukungu! Watu wakapiga makofi. Mmoja akasema, "Si mnaona? Tatizo lilikuwa fyuzi!"

Kupaza akamshika Semboja mkono. Walikuwa wamecheza pamoja, wametiwa jandoni pamoja. "Ndugu yangu," akamwambia, "fyuzi haikatiki bure. Inakatika kwa ajili yako. Ukiinyamazisha, umebaki peke yako na ule waya."

"Na wewe, Kupaza, kila kitu lazima kiwe kazi ndefu," Semboja akasema, akajitoa. Alikuwa na hofu, si kiburi. Lakini hofu nayo haisikii.

Kupaza akamgeukia Bi Somoe, akamwamkia upya kama anayetaka msaada. "Shikamoo mama. Naomba umwambie angoje kidogo."

"Marahaba, baba. Taa si inawaka?"

"Inawaka, mama, lakini..."

"Basi, twende. Nimekwisha kumngojesha Siwema mno."

Wakapanda, wakatokomea. Kupaza akabaki amesimama na bisibisi mkononi. Nikamwita aje anywe chai, akasema hana hamu.

Yaliyotokea njiani alinisimulia Semboja mwenyewe. Walipokuwa wanapandisha, alisikia harufu ya mpira unaoungua. Akajisemea, watu wanachoma takataka. Kona ya mbele harufu bado ipo. Akajisemea, ni breki. Mama yake akasema, "Mwanangu, paja langu linapata joto." Ndipo alipotazama chini, akaona moshi unatoka chini ya tangi. Alisimamisha, akamvuta mama yake kwa nguvu, wakaangukia mtaroni kwenye majani. Hawakuumia, alhamdulillahi. Lakini walipoinua vichwa, moto ulikuwa umeshafika kwenye petroli. Wakaitazama pikipiki ikiungua yote, na kapu la ndizi na asali, na mkoba uliokuwa na simu.

Wakatembea. Ukungu, matope, kupanda na kushuka. Gari la kwenda kule halikupita. Lori moja lilipita, likawa linaelekea huku chini. Bi Somoe akavua viatu akavibeba mkononi, na Semboja kila akimwambia tupumzike mama, yeye anakwenda tu.

Walipofika kwa Siwema, waliwakuta wanaume wanarudi kutoka makaburini.

Siwema alikuwa amefariki kabla ya adhuhuri. Walimngoja dada yake, wakapiga simu haipatikani, wakapiga tena na tena. Mwisho masheikh wakasema maiti hacheleweshwi. Yule mtoto wake akamwambia mama yake mkubwa, bila kumlaumu, maskini, anamsimulia tu: "Alikuwa anasikiliza barabarani. Kila pikipiki ikipita, anauliza, huyo si dada?"

Ah. Ngoda, nisogezee maji kidogo ninywe.

Mimi nilikwenda kwenye matanga kesho yake, pamoja na Kupaza na wengine wa hapa njia panda. Mnajua matanga yalivyo, watu wakisha kulia wanaanza kutafuta sababu. Mmoja akasema pikipiki ile ilikuwa na mkosi tangu kwa bwana shamba. Mwingine akanong'ona mkono wa mtu, kuna asiyetaka ndugu hawa waonane. Wa tatu akashikilia fyuzi feki, serikali iwakamate wanaoziuza. Semboja ameinamisha kichwa, hata uji hakuweza kuumeza. Alikuwa anajiona ameua.

Bi Somoe alikuwa mkekani kati ya wanawake. Ghafla akaita mlangoni, "Fundi Kupaza yupo?"

Kupaza akasogea, akachuchumaa kizingitini. "Nipo, mama. Pole sana, mama."

"Ulimwambia nini mwanangu pale gereji? Lile neno la fyuzi."

"Mama, yamepita hayo. Tusiyafukue."

"Liseme."

Kupaza akatazama chini. Mtu aliyesema kweli, na kweli yenyewe inamchoma kuliko uongo. Akasema taratibu, "Nilimwambia fyuzi haikatiki bure."

"Haikatiki bure," akarudia Bi Somoe. "Mimi fyuzi siijui, sijawahi kuishika. Lakini nilikuwapo nikaona inakatika, na nyingine ikakatika, na watu wote wakaitukana. Nami nikasema twende." Akavuta kanga. "Semboja, inua uso. Usijiite muuaji. Mimi nilikwisha kuchelewa kabla ya pikipiki, hata ingekuwa mpya kutoka dukani. Siwema aliniita wakati wa maharage. Nikasema anadeka. Akaniita wakati wa mvua. Nikasema Siwema huyo, mnamjua. Mtu anaita, anaita, nami namtukana kwa kuita! Mdogo wangu hakuwa anadeka. Mdogo wangu alikuwa anakufa, na hakuwa na njia nyingine ya kuniambia."

Hakuna aliyeongea tena habari ya mkosi wala ya mkono wa mtu. Semboja aliingia ndani kwa wanawake, bila kujali desturi, akaweka kichwa kwenye magoti ya mama yake akalia kwa sauti, na hakuna aliyemtoa.

Tuliporudi, neno lile tukarudi nalo. Likaanza kusemwa gereji, likatoka gereji likaingia majumbani. Mke mpole akianza kupayuka, mtoto msikivu akianza kugoma shule, jirani mcheshi akianza kupita bila salamu, mtu akitaka kusema ana wazimu huyo, mwenzake humkatiza nalo. Bi Somoe aliishi miaka mingine baada ya hapo. Tangu siku ile, ukimwita, hata kwa jambo dogo, hata awe na unga mikononi, aliacha alichokishika akainuka kuja. Tulikuwa tunamwambia, "Mama, si la haraka, maliza kwanza." Naye anajibu akiwa tayari yuko njiani, "Umeita, mwanangu. Fyuzi haikatiki bure."