Mngurumo Kwenye Kona ya Simba

Paukwa!

Pakawa!

Sijasikia. Paukwa!

Pakawa!

Haya. Na anayenong'ona huko nyuma anyamaze. Mimi hadithi siirudii.

Hapo zamani za kale wanyama walikuwa na pango lao la ngoma. Humo kila mmoja alikaa pale alipokaa baba yake na babu yake. Simba alikaa ndani kabisa, kwenye kona, mgongo ukutani. Tembo alikaa mlangoni, maana ndani haingii. Popo alining'inia juu. Kubadilishana mahali? Mwiko!

Siku moja Nungunungu akaleta amplifaya, sanduku la kukuza sauti. Kaiunda mwenyewe, waya kwa waya, hakufundishwa na mtu. Akaweka spika katikati ya pango, akamwita Chura aimbe.

Kroo! Kroo!

"Tamu!" akasema Tembo. "Laini kama uji."

"Laini?" akalia Popo. "Inapiga tsiii! tsiii! Inanichoma masikio!"

"Tsiii gani? Mbona mimi siisikii?"

"Masikio yote hayo, kazi yake kupepea tu?"

Wakacheka. Simba hakucheka. Manyoya ya shingo yamemsimama.

"Nyamazeni! Mimi nasikia vuuum. Mngurumo. Humo sandukuni mna simba mwingine. Nungunungu, umemleta nani kwangu?"

Chura anaendelea tu. Kroo! Kroo!

Nungunungu hakuwa na subira, damu ikamchemka. "Mzee, hakuna mngurumo! Nimesimama hapa karibu na spika, sisikii kitu. Mimi si tapeli."

"Kwa hiyo mwongo ni mimi?"

Lo! Swali hilo utalijibu vipi?

"Fisi! Mlete hapa. Leo nakula fundi na miiba yake."

Fisi akamburura. Kwaru, kwaru, kwaru, miiba inakwaruza mawe. Chura anaimba tu, hofu imemshika, hajui kama aache au aendelee. Simba akainua mkono. Kucha hizo! Nungunungu akafumba macho.

Mara akayafumbua.

"Ngoja! Vuuum! Naisikia!"

"Mnaona? Amekiri!"

"Nakiri mngurumo, sikiri simba! Kule sikuusikia. Hapa nausikia. Wewe hukusema uongo, Mzee, na mimi sikusema uongo. Inuka hapo, ukasimame pale nilipokuwa."

Nani amewahi kumwambia Simba inuka?

"Niache kiti cha babu yangu?"

"Usiposikia tofauti, nile."

Simba akainuka. Pole, pole, akafika katikati. Akatega sikio. Kroo! Kroo! Ni Chura tu.

"Yule simba ameondoka?" akauliza kwa sauti ndogo.

"Fisi, hebu kaa pale," akasema Nungunungu.

Fisi alikuwa anakimezea mate kiti kile tangu utoto. Akakaa, akajinyoosha, akakunja nne. Vuuum! Akaruka, mbio hadi nje, mkia katikati ya miguu.

"Ni hiyo kona," akasema Nungunungu. "Sauti nzito ikifika hapo mawe yanairudisha, inarundikana. Mzee, babu yako alikuwa amekaa ndani ya mtungi!"

Basi wakamhamisha na Popo. Akaning'inia mlangoni. Tsiii! Akahamia konani. Tsiii! Akaja katikati. Tsiii vilevile. Nungunungu akasogeza sikio kwenye spika, hakusikia tsiii yoyote. Akafungua mdomo amwite Popo mwongo.

Akaziona kucha za Simba. Akaufunga.

Tangu siku ile Simba hulala uwandani, peupe, pasipo kona. Na Popo akisikia ngoma huondoka zake.

Wakubwa kwa wadogo, mshike hili: sanduku ni moja, lakini kila mtu husikia kwa masikio yake, tena kutoka pale alipokaa. Usimwite mwenzako mwongo kabla hujakaa alipokaa. Na ukikaa usisikie anachosikia, mwachie masikio yake.

Hadithi yangu imeishia hapo. Ninyi wa nyuma, kama mmesikia nyingine, njoni mkae mbele.