Mtungi Uliolia Kama Mbuzi

Haya sogeeni, ngano imebisha hodi! Revati aliolewa na Harish, mwana wa Bramini Trivedi, mzee wa tabaka la juu la Wahindu aliyekemea walaji nyama mtaa mzima. Kwa kuwa Revati alitoka ukoo wa chini, mkwewe alimkataza kugusa mtungi. Akishikwa na kiu, alikinga viganja amiminiwe.

Jini wa kisimani akamwonea huruma, akaupa mtungi sauti. “Akiugusa mla nyama, utalia!”

“Vyema!” akasema Bramini. “Najisi watajulikana.”

Revati akaugusa: kimya. Mke wa Bramini akaugusa: kimya. Bramini akaugusa: “Mee!” Akakimbilia kuoga, akaugusa tena: “Mee! Mee!”

“Baba Harish,” mkewe akauliza, “ulikula mshikaki au zizi zima?”

Siku hizi Bramini hukinga viganja. Revati hummiminia, tena polepole, kama alivyofunzwa.

Basi, wangu, nani ana kiu? Mtungi ule pale.