Pete ya Makufuli na Salamu za Kuagana

Sultani Muntasiri bin Dhahiri alitawala mji wa Yakutani, mji wenye malango ya shaba na magurudumu ya kupandisha maji na makufuli makubwa kama vichwa vya ng'ombe, na vyombo vyote hivyo vilitengenezwa na jini mmoja tu, Barzukhi, aliyefungwa kwa kiapo tangu enzi za babu yake Sultani. Na mlezi wa jini huyo, mwenye idhini ya kumwamrisha, alikuwa mwanamke kijana, Maimuna binti Hafidhi, aliyerithi kazi hiyo kwa marehemu baba yake.

Sasa msidhani kwamba jini, kwa kuwa ni jini, anajua kila kitu. Barzukhi alikuwa amesikia habari za dunia nzima, na ukimuuliza jambo anakujibu palepale, tena kwa maneno matamu, na nusu ya maneno hayo ni uongo ambao mwenyewe hajui kuwa ni uongo. Ukimwagiza gurudumu la maji, analo tayari kabla hujafunga mdomo, kumbe ni gurudumu la nchi nyingine kabisa, na maji yanashuka badala ya kupanda. Ndipo marehemu Hafidhi akabuni pete za ujuzi. Fundi hodari huinong'oneza pete habari zote za chombo kimoja, tupa ishikwe vipi, mafuta yatiwe wapi, kipi kisiguswe abadani, na jini akiivaa huwa bingwa wa chombo hicho. Akiivua, anarudi kuwa mbabaishaji vilevile. Na sharti lilikuwa moja, kwamba mlezi asimvishe jini pete ambayo hajaisikiliza kwanza kwa sikio lake mwenyewe.

Basi akaingia mjini tajiri mgeni, Dahmani, ndevu zimepakwa udi, mkononi ana pete zilizotungwa kwenye uzi wa hariri, akapiga goti mbele ya Sultani na kusema, "Ewe maulana, kivuli cha wanyonge, nimesikia kuwa mafundi wako wanataabika kunong'oneza pete moja moja. Hizi hapa zimekamilika, ya makufuli na ya mizani na ya malango, kazi ya mabingwa wa nchi za mbali. Sitaki malipo, nataka dua yako tu."

Hataki malipo! Wallahi mimi hapo ningemwonyesha mlango. Lakini Waziri Jabali alicheka mpaka magego yakaonekana, akasema, "Maimuna, mwanangu, sasa hata wewe utapumzika."

Maimuna hakupumzika. Aliichukua pete ya makufuli, akaitia sikioni, akaisikiliza kwa shaka, akitafuta kosa, na kosa hakuliona. Sauti ilieleza kufuli kama mtu anavyomweleza mwanawe, kwa upole na kwa undani, na mwisho ikaaga, "Wassalamu alaikum warahmatullahi wabarakatuh." Maimuna akaitikia na kuiweka chini. Maana adabu ya watu wa Yakutani ni hiyo: salamu za kuagana zikishatolewa, mazungumzo yamefungwa, na anayebaki ametega sikio ni mdukuzi, na mtoto akifanya hivyo hufinywa sikio mbele za watu. Akamvisha Barzukhi ile pete, na jini akatengeneza kufuli jipya la hazina, na wanaume wenye misuli wakalivuta na kulipiga kwa nyundo, lisitikisike. Ufunguo wake ulikuwa mmoja, na Sultani alimvika shingoni Fakihi bin Rajabu, mlinzi wa hazina, kijana aliyekuwa amemposa Maimuna.

Ikafika Ijumaa, na watu wote wakaenda msikitini kuswali. Waliporudi, kilemba cha enzi, ambacho bila ya hicho hakuna sultani anayeapishwa Yakutani, hakimo hazinani. Na kufuli limefungwa, halina hata mchubuko!

Sultani akafoka kwa ghadhabu. "Fakihi, ufunguo ni mmoja, nao u shingoni mwako. Ijumaa ijayo kilemba kirudi, au shingo hiyo iende."

Maimuna alimfuata mchumba wake gerezani, na Fakihi akamwangalia usoni akamuuliza, "Hata wewe wanishuku?"

"Nakushuku," akasema Maimuna, na machozi yanamtoka. "Namshuku kila mtu, Fakihi, na wewe umo. Nisipokushuku nitakaa nikulilie tu, na kulia hakutakutoa humu."

Fakihi akasema, "Basi anza na aliyelitengeneza lile kufuli."

Maimuna akaenda kwa jini. "Barzukhi, kufuli la hazina lina siri gani?"

Jini akatazama dari. "Bibi, niliyoamriwa nimeyafanya, na niliyokatazwa kuyasema siyasemi."

"Mimi sikukukataza kitu!"

Barzukhi akaanza kujifuta pembe, kama vile hakusikia. Hapo Maimuna akaingiwa na ubaridi, kwa sababu kama si yeye aliyemkataza, yuko mwingine, na huyo mwingine amepenya wapi? Akamvua jini ile pete, akaitia sikioni, akaisikiliza upya mpaka ikaaga. Mkono ukataka kuishusha. Uso ulimwaka kwa haya, sikio likamwasha kama limefinywa, na bado akang'ang'ana, ametega, katika kimya kirefu. Kisha akasikia alichokisikia, akainuka mbio kwenda kuomba baraza.

Mbele ya Sultani na mawaziri, na Dahmani ameketi mahali pa wageni waheshimiwa, Maimuna alitia pete ndani ya bakuli la shaba, na sauti yake ikajaa ukumbi. Ikaeleza, ikaeleza, Waziri Jabali akapiga miayo, na mwisho ikaaga. Ukumbi mzima ukaitikia na kusimama, Sultani mwenyewe akaingiza mguu kwenye kiatu, na Dahmani alikuwa ameshafika mlangoni.

"Mbona haraka, bwana?" Maimuna akasema. "Kaeni. Bado."

"Binti, salamu zimetolewa!" Waziri akafoka. "Huna adabu?"

"Sina, Waziri. Leo sina."

Sultani akamtazama, akakaa, na wote wakakaa. Kimya kikawa kirefu hata watu wakaanza kuonea aibu masikio yao. Kisha bakuli likasema, kwa sauti ya chini, "Na kila kufuli utakalolitengeneza, ewe jini, litii pia ufunguo wangu, na usimwambie bwana wako wala mlezi wako."

Loo! Askari walimdaka Dahmani, wakamvua kilemba chake, na ufunguo ukaanguka sakafuni. Na kilemba cha enzi kikapatikana ndani ya kikapu chake cha tende.

Sultani akamgeukia jini. "Mbona ulitusaliti, na kiapo unacho?"

"Maulana," akasema Barzukhi, "mnanivisha pete na kuniambia nifanye isemavyo. Mimi sijui neno lipi ni la fundi na lipi ni la mwizi. Sikio la kujua hilo mlipewa nyinyi."

Dahmani akaozea gerezani, na pete zake zote zikasikilizwa upya, na makufuli yote yakavunjwa na kutengenezwa tena. Fakihi akafunguliwa, na Sultani akawatunuku yeye na Maimuna nyumba yenye bustani na lulu za kujaza kibweta. Siku ya harusi kadhi alimaliza hotuba, akaaga, na wageni wakainukia pilau, ila bibi harusi alibaki palepale ameinamisha kichwa.

"Bibi, nimemaliza," kadhi akasema.

"Nahakikisha tu, shekhe."

Fakihi akacheka. "Hata mimi bado wanishuku?"

"Kidogo," akajibu, na akampa mkono.

Nami hadithi nimeifikisha alipoifikisha aliyenipa, na funzo lake ni hili: usimvishe mtumishi wako ujuzi ambao wewe mwenyewe hukuusikiliza mpaka tamati. Wassalamu alaikum.

Eti mmeshavaa viatu! Kaeni chini, nani kawaambia nimemaliza?