Sang Boyuan na Bonde Lililogeuka Ndugu

Mniwie radhi, jamaa zangu wa ukoo wa Sang, na ninyi mashemeji mliokuja kwa ajili ya chakula. Kisa hiki kilistahili mtu mwenye sauti nzito na ndevu za kushika, nacho kimeangukia mdomo wangu mimi, uliozoea kuchekesha watu jukwaani hadi harusi ianze. Nitakisimulia vibaya. Pale mtakapotaka kulia nitawachekesha, na pale mtakapotaka kucheka mtakuta hakuna cha kuchekea, na hilo la pili msinibebeshe mimi, ndivyo kisa chenyewe kilivyo.

Basi ilikuwa zamani za falme zilizokuwa zikilana huko Uchina, kabla mtu yeyote wa kwetu hajauona mnazi, katika bonde lililokatwa na mto mwekundu kwa matope, ambamo watu walipanda miforosadi na kufuga viwavi wa hariri. Humo alizaliwa Sang Boyuan, mwana wa Sang Kezhi mchimba mifereji, mjukuu wa Sang Wu aliyeingia bondeni na jembe moja na mbuzi kiwete; na mkumbuke kwamba kwao jina la ukoo ndilo hutangulia, la mtu hufuata nyuma, kama mtoto anayemfuata baba yake sokoni. Alikuwa na mabega mapana hata mafundi wa bonde walipimia milango kwake, na aliyejenga mlango mwembamba alilazimika kuujenga upya Boyuan alipokuja kusalimia. Walimwita Mgongo wa Mto, na jina hilo hakupewa bure.

Mwaka wa mafuriko makuu mfalme wa nchi ile alikuwa akipita chini ya tuta na msafara wake, na lango la mbao lililozuia maji likang'oka. Askari wakakimbilia huku, watumishi wakakimbilia kule, na mnajimu wa mfalme, ambaye ndiye aliyeichagua siku ile kuwa njema kwa safari, akawapita wote mbio. Boyuan peke yake akateremka, akaliegemea lile lango kwa mgongo, akachimbia visigino katika udongo, akalizuia huku maji yakimpanda kifuani, hadi gari la mwisho la mfalme lilipofika mlimani. Na alipoliachia, ngozi ya mgongo wake ilibaki kwenye mbao.

Mfalme akachinja farasi mweupe, akajipaka damu midomoni, kwani huo ndio uliokuwa muhuri wa kiapo kisichovunjika, akatamka mbele ya jeshi lake lote: "Yeyote aliye Sang mbele ya mababu wa Sang, upanga wangu hautamgusa, wala hatabeba jiwe la kazi yangu, maadamu mbingu ipo juu."

Zawadi kubwa, mtasema. Ngojeni kwanza.

Mfalme yule akazeeka, akashikwa na tamaa ya kujenga ukuta mpakani, na kila nyumba ikatakiwa kutoa mwanamume wa kubeba mawe. Waliokwenda hawakurudi, zilirudi habari tu kwamba aliyekufa huzikwa ndani ya ukuta huo huo, ili kazi isisimame. Nyumba ya Sang haikutoa mtu, kwa sababu ya kiapo. Hebu fikirini Mgongo wa Mto alivyoishi miaka ile, mtu aliyeweza kubeba mawe ya watu kumi, akitembea bondeni mikono mitupu, akiamkiwa kwa heshima na wajane. Mwishowe msimamizi wa mfalme alipokuja kuchukua hata vijana ambao ndevu hazijaota, watu wakampiga kwa majembe hadi akafa. Ikatoka amri: bonde zima lichinjwe, mkubwa na mdogo, isipokuwa walio wa Sang.

Habari iliwafikia asubuhi, na vumbi la jeshi la Jemadari Gu Tai lilikuwa tayari limetanda mlimani. Wako waliosema wakimbie, lakini bonde lile lilikuwa na njia mbili, na vumbi lilikuwa katika zote mbili. Ndipo Boyuan akaifungua milango ya ukumbi wa mababu zake, ambamo vilisimama vibao vya mbao vyenye majina ya wafu wa Sang, mahali ambapo mgeni hakuruhusiwa hata kuchungulia, akasimama kizingitini akasema: "Kila atakayeingia akapiga magoti mbele ya baba yangu, atatoka akiwa mtoto wa baba yangu. Sina ngao nyingine. Ingieni."

Ami yake, mzee aliyejua kila kibao na mahali pake, alimwuliza kama kichwa chake kiko sawa, kuwarundikia wafu wajukuu wasiowajua.

"Watazoeana, Ami," akajibu Boyuan.

Wakaingia. Aliingia tajiri wa hariri akiwa ameshika viatu vyake mkononi, akaingia mchimba makaburi, akaingia na yule mwizi aliyemwibia Boyuan nguruwe, akapiga magoti, akainuka, akamwita kaka, na habari ya nguruwe ikawa jambo la ndani ya familia. Wake waliokwisha kuolewa hawakuhitaji kuingia, kwani kwa desturi yao mke hubaki na jina la baba yake maisha yake yote, na nyumba ya mumewe ndiyo humkinga. Lakini wanaume wote, na watoto wote, na kila kijana ambaye hajaoa na kila msichana ambaye hajaolewa, waliingia wakiwa watu wa koo nyingi na wakatoka wakiwa ukoo mmoja.

Mmoja tu alibaki nje. Huyo alikuwa Lu Shan mfinyanzi, ambaye mwanawe wa pekee, Heng, alikuwa amemposa Lian, mtoto wa pekee wa Boyuan. Mabata bukini ya posa yalikwisha pelekwa, na harusi ilingoja tu hariri ivunwe. Lu Shan alimsukuma mwanawe ndani ya ukumbi kwa mikono miwili yenye udongo, kisha akarudi kukaa mbele ya tanuri lake. Boyuan alimfuata, akamsihi, akamshika mkono kama wanavyoshikana wakwe watarajiwa. Mfinyanzi akamwambia: "Mimi nikiwa Sang, baba yangu kaburini atawekewa chakula na nani? Ana mimi tu."

Jeshi likafika. Jemadari Gu Tai alikuwa mtu mkavu, asiyepiga kelele, na watu wa namna hiyo ndio wa kuogopwa. Akawapanga watu wa bonde kwa mstari, akapita akimwuliza kila mmoja yeye ni nani, na jina likamjibu kutoka mwanzo wa mstari hadi mwisho: Sang, Sang, Sang, bibi asiye na meno akalitamka la mumewe kwa mate, na mtoto mchanga akatamkiwa na mama yake. Alipofika kwenye tanuri akauliza vilevile.

"Lu," akasema mfinyanzi. "Lu Shan, mwana wa Lu Bing."

Wakamwua palepale, na Heng, aliyesimama mstarini na jina jipya mdomoni, hakuruhusiwa hata kumlilia, kwa maana sasa hakuwa mwanawe.

Kisha jemadari akaenda ukumbini, akaviona vibao, akaona magoti ya watu yalivyoufagia udongo wa sakafu, akaelewa kila kitu. Angeweza kukasirika. Laiti angekasirika. Yeye alicheka kidogo tu, akatoka, akatamka hukumu ambayo sisi tuliopo hapa bado tunaitumikia: "Mfalme aliapa kwa damu, nami sivunji kiapo cha mfalme. Ninyi ni ndugu, nimesikia. Basi ndugu hawaoani. Siku Sang atakapomwoa Sang, nitajua kwamba jina lilikuwa uongo, na nitarudi kumaliza kazi niliyotumwa."

Jamaa, furaha ilikuwa kubwa pale, watu walikuwa wakikumbatiana, na ikakatika kama taa iliyopulizwa. Kwa sababu katika nchi ile hapakuwa na mwiko mkubwa kuliko huo: wenye jina moja la ukoo hawaoani, hata kama nyumba zao ziko mbali na damu zao hazijawahi kukutana. Kila mtoto alijua. Boyuan alijua. Na katika haraka yote ya asubuhi ile, katika watu wote wale wenye akili, hakuna aliyefikiria harusi. Kikosi cha askari kikaachwa bondeni, nacho hakikulinda mpaka wala ghala, kililinda wachumba.

Lian alimwendea baba yake, akamwomba afute jina la Heng katika ukoo. Baba akamweleza kwamba Heng akifutwa asubuhi, adhuhuri atakuwa amelala karibu na mfinyanzi. Akamwomba basi afute la kwake yeye. Hilo nalo lilikuwa kifo. Wanasema Boyuan alitikisa kichwa tu, na hakuweza kumtazama.

"Baba," akasema Lian, "nilikuomba mume mmoja. Umenipa kaka bonde zima."

Basi bonde lililookolewa na upanga likaanza kumalizwa na posa. Wasichana waliolewa mbali. Vijana wakangoja wake waletwe kama ilivyo desturi, lakini ni baba gani angempeleka binti yake katika bonde ambamo askari wanakaa kungoja sababu? Wakalazimika kuwafuata wake huko huko, wakaondoka na vibao vidogo vya wafu wa Sang vimefungwa mgongoni, wafu wasiowajua, na kila walikotua wakapanda jina. Heng naye akaondoka. Alikwenda kusini, kwenye nchi za mpunga. Lian alikataa kila mposaji. Kila siku alipeleka bakuli la wali kwenye tanuri la Lu Shan, kwa mfinyanzi na kwa baba wa mfinyanzi, na hakuna sheria iliyompa haki hiyo, kwani hakuwa Lu, hakuwa mkwe, hakuwa chochote.

Miaka ikaenda. Mfalme akafa, Gu Tai akafa, na mfalme mpya, ambaye hakuupenda ukuta wala baba yake, akatangaza kwamba waliobadili majina kwa hofu wanaweza kuyarudia. Boyuan alikuwa mzee, ule mgongo umepinda kama mundu. Siku hiyo hiyo akachukua fimbo, akamwambia binti yake: "Nakwenda kukuletea Lu Heng." Akatembea nchi baada ya nchi, akiuliza, na kila kijiji alimolala alipata Sang wa kumpikia, na wote walimwita Babu, na wote walikuwa wageni kwake.

Alimkuta Heng shambani, maji yamemfika magotini, na wana wake watatu wakipandikiza mpunga nyuma yake. Mkewe aliwaletea chai. Boyuan alimpa habari ya mfalme mpya, akamwambia kwamba sasa anaweza kuwa Lu tena, na sauti yake, wanasema, ilikuwa ya mtu anayeomba.

Heng alikunywa chai yake hadi mwisho. Kisha akasema: "Mzee, baba yangu alikufa ili mimi niwe Sang. Nikilivua jina lako leo kwa kuwa hali ya hewa ni nzuri, atakuwa amekufa kwa nini?" Akawaita wanawe mmoja mmoja, wakamwinamia mgeni, wakataja majina yao, Sang, na Sang, na Sang.

Boyuan aliwabariki, akashika njia ya kurudi, asirudi. Wa mwisho kumwona alikuwa mvushaji wa mto mmoja ambaye huwauliza abiria majina yao ili waombewe wakizama; na yule mzee, aliyewagawia jina lake maelfu, alipoulizwa lake alisema hana. Alivushwa. Ng'ambo hakuonekana tena. Lian aliendelea kupeleka wali hadi alipokufa, naye akapelekewa.

Alama aliyotuachia Boyuan mnaijua. Katika ukoo wetu, siku ya harusi, binti hamwinamii baba yake. Baba ndiye humwinamia binti, mpaka chini, na hasemi neno. Na alama nyingine ni sisi wenyewe. Kila mahali tulipohamia, baada ya vizazi kadhaa majirani wote walikuwa Sang, ikabidi vijana wafungashe tena, bonde hadi bonde, bandari hadi bandari, mpaka babu yangu mimi akashuka Tanga kukausha majongoo bahari, akatazama kushoto, akatazama kulia, hakuona Sang hata mmoja, akasema hapa wajukuu wangu hawatakosa wake.

Mimi ni mjukuu wake, nimezaliwa Tanga, nina miaka hamsini na moja. Mfalme alikufa, jemadari alikufa, askari walikwenda zao, na wanawake wote wa mji huu ni halali kwangu bila mwiko wowote. Nimeposa kila mtaa, na bado nalala peke yangu. Hapo, jamaa zangu, tusimsingizie Boyuan.