Wageni Rasmi Wawili na Kapu la Vitumbua

Hapo zamani za kale, wadogo zangu, wanyama walipokuwa wakijenga nyumba, wakipika na kutozana ushuru, nchi ya Mfalme Tembo ilikuwa na duka moja tu, nalo lilikuwa la Tembo. Ukitaka chumvi, unapanga foleni kwa Tembo. Ukitaka mchele, kwa Tembo. Mwishowe duka likaishiwa chumvi na mchele, ikabaki foleni. Ilikuwa foleni nzuri, imenyooka.

Siku moja Tembo akapiga baragumu. Puuuu!

"Kuanzia leo kila mmoja afanye biashara yake! Daraja liko wazi, vukeni mto mkauze kwa jirani! Serikali yangu itawasaidia!"

Wanyama wakashangilia. Na msaada ukaja kweli. Upande huu wa daraja akawekwa Bwana Kiboko. Jirani naye, kwa upendo wake, akamweka Bwana Nyati upande ule.

Bi Kindi alikuwa hodari wa kupika vitumbua. Siku ya gulio akajaza kapu, akafika darajani.

"Shikamoo, Bwana Kiboko."

"Marahaba, mjasiriamali wetu! Tunajivunia sana watu kama wewe. Fungua kapu nipime ubora."

Nyam! Nyam! Nyam!

"Upande huu wa kapu una ubora," Kiboko akasema akijifuta mdomo. "Hebu tuone na upande ule."

Kindi akavuka na vilivyobaki. Nyati akamsimamisha.

"Bwana Kiboko ameshapima, mheshimiwa," Kindi akasema.

"Vipimo vya kwenu hatuvitambui. Tunapima upya."

Nyam! Nyam! Kindi akafika gulioni na kapu linalonukia iliki tu. Gulio lililofuata, vivyo hivyo. Nyumbani ukabaki mchele wa kupika kapu moja la mwisho. Hilo nalo likiliwa darajani, basi hakuna mchele tena, hakuna biashara, na watoto wake watalala njaa.

Jirani yake, Mama Kanga, muuza mayai, akaja amenuna.

"Shoga, mimi nimeacha. Kiboko kayapima mayai yangu hadi maganda!"

"Usiache bado. Hebu niambie, hawa wakubwa wanapenda nini kuliko kula?"

"Kuliko kula? Hakuna kitu!"

"Kipo. Kumbuka siku Tembo alipozindua duka lake. Pilau ilipoa mpaka ikaganda. Kwa nini?"

Kanga akafikiri, kisha akaruka. "Hotuba!"

Kindi akaenda mbio kwa Kiboko. "Mheshimiwa, daraja hili halijazinduliwa. Wafanyabiashara tunakuomba uwe mgeni rasmi."

Kiboko akavimba, akavimba tena. "Mimi? Aa, mbona mimi sina mengi ya kusema."

"Tunajua. Mgeni rasmi ni yule anayeongea mwisho."

Kisha akavuka mto, akamwambia Nyati maneno hayohayo.

Siku ya gulio jukwaa likawa tayari kando ya mto, upande wa Kiboko, na Nyati akavuka kuja kuketi. Viti vilitazama kilimani, vikaligeuzia daraja mgongo, eti jua lisiwapige waheshimiwa machoni. Vyura, ambao hawakuwa na cha kuuza, wakaalikwa kupiga makofi. Darajani pakafungwa utepe mwekundu. Wanyama wadogo walipita chini yake bila hata kuinama.

Kiboko akasimama. "Itifaki imezingatiwa. Sina mengi ya kusema."

Kwaa! Kwaa! Kwaa! wakashangilia vyura.

Akasema hayo machache mpaka jua likafika utosini. Alipokaa, Nyati akasimama.

"Mwenzangu amemaliza yote. Naongeza neno moja tu."

Neno hilo likazaa, likapata wajukuu. Kiboko akaona huyu ataongea mwisho, akainuka tena. "Nimesahau shukrani!" Nyati naye, "Na mimi nishukuru zile shukrani!"

Huko nyuma, pata-pata-pata! Wafanyabiashara walikuwa wakivuka. Mara Mama Kanga akajikwaa. Bwii!

Kiboko akanyamaza. "Mbona nasikia kishindo darajani?" Akaanza kugeuza shingo.

Kindi, mwenye kapu lake mgongoni, akawahi kuruka mbele yake. "Mheshimiwa! Hata daraja linakupigia makofi!"

"Lini? Niliposema nini?"

"Pale pa maendeleo."

"Aha! Basi narudia pale pa maendeleo."

Kindi akatoka kwa ncha za vidole, akavuka.

Jua lilipotua, waheshimiwa walikuwa wamekauka sauti. Wakageuka wakate utepe. Hapakuwa na mtu, ila Kindi akirudi na gunia la mchele kichwani, na Kanga nyuma yake na chumvi.

"Kindi!" Nyati akakoroma. "Vitumbua viko wapi?"

"Vimeisha, mheshimiwa. Wateja wamevipima wenyewe."

"Bila sisi?" Kiboko akafoka.

"Bila nyinyi tungewezaje? Tangu daraja lifunguliwe, hamjawahi kutusaidia kama leo."

Akaweka kitumbua kimoja mezani. "Hiki ni cha mgeni rasmi. Kwaherini."

Waheshimiwa wakakitazama. Wakatazamana.

"Ni changu. Nimeongea mwisho."

"Wewe? Mimi ndiye niliyeongea mwisho!"

"Basi naomba niongeze neno moja!"

Kwaa! Kwaa! wakaitikia vyura. Kindi alipofika nyumbani akaroweka mchele wa kesho, na kutoka mtoni bado walisikika wakishukuru.

Fundisho, wadogo zangu: anayetaka kumsaidia muuzaji mdogo asianze kwa kumlia bidhaa zake.